Reli ya mfano juu ya plaiwudi: ubao umejipinda, treni inazima kwenye pointi, na nataka ifanane na Uganda

Mafunjo_Jinja aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada kabla sijabomoa.

Nina plaiwudi nzima ya mm 18, futi 8 kwa 4, imelala juu ya mbao mbili za 4x2. Juu nimeipaka rangi ya mafuta ya kahawia, chini sijapaka. Reli ni za HO (kipimo cha 1:87), upana mm 16.5: mviringo wa vipande vya seti wenye nusukipenyo cha mm 438, njia moja ya pembeni, pointi 4 (pale njia inapogawanyika mbili) ambazo ile V ya katikati, reli zinapokatana, ni ya plastiki. Kichwa cha treni ni dizeli ya ekseli 4, mabehewa ni 6. Umeme ni DC ya kawaida, volti 12, nyaya mbili tu zinaingia sehemu moja.

Shida ziko tatu. Tangu mvua za Machi, katikati ya ubao pamezama mm 9 na kona zimeinuka. Pili, kichwa kikienda polepole kinazima juu ya pointi, na upande wa mbali kabisa kinapunguza mwendo chenyewe. Tatu, mabehewa yanaanguka pale mnyoofu unapoingia kona, karibu kila mara gurudumu la mbele.

Na jambo la nne: vitu vyote vya dukani vinafanana na Ujerumani au Marekani. Nataka kituo kidogo cha njia ya Tororo–Jinja–Kampala, chenye marramu (ule udongo mwekundu wa barabarani), matoke na bwawa la mafunjo. Nianzie wapi?

---

Fundi_Ndeeba alijibu:

Tuanze na ubao, kwa sababu sehemu ya zile shida mbili nyingine inatoka hapo.

Umepaka juu ukaacha chini. Mvua zikija, upande wa chini unakunywa unyevu na kutanuka. Wa juu umefungwa na rangi, hautanuki sawasawa nao. Ndiyo maana katikati pamezama na kona zimepanda. Ungepaka chini ukaacha juu ungepata kinyume chake. Na zile kingo ambazo hakuna anayezikumbuka ndizo zinazokunywa kuliko sehemu yote, maana pale nyuzi za mbao ziko wazi.

Ng'oa reli. Simamisha ubao ndani ya nyumba, hewa ipite pande zote mbili, wiki mbili au tatu. Ukikauka, upake vanishi chini na kingoni mara mbili, mkono wa kwanza uwe mwepesi (changanya na tina) ili uzame ndani. Kingo ziongeze wa tatu.

Kisha fremu. Mbao mbili za 4x2 hazishiki kitu. Chukua 3x1 zisimame kwa ubavu: mbili za m 2.44 za urefu, na saba za m 1.17 za kukata katikati, moja kila sm 40. Jumla ni kama m 13, nunua 14 kwa sababu ncha nyingi zina nyufa. Kabla ya kuunga, toboa kila mbao ya katikati tundu la mm 25 nusu ya kimo chake. Humo ndimo nyaya zitapita, na ukishafunga ubao hutaweza kutoboa kwa raha.

Mbao gani? Paini iliyokauka inatosha. Musizi ni nyepesi na inakatika vizuri, lakini wadudu wanaipenda, kwa hiyo ipake dawa. Kalitunsi (mkaratusi) iache kabisa kwa kazi hii, inapasuka na kujisokota. Na mbao nyingi zinauzwa zikiwa mbichi: zipange chumbani kwa mwezi mmoja, vipande vya kijiti katikati yake ili hewa ipite, halafu uweke jicho kwenye ncha na uangalie urefu wote. Iliyopinda irudishe kwenye matumizi mengine.

Funga plaiwudi kwa skrubu za inchi 1½ kila sm 20 hadi 25, vichwa vizame. Usitie gundi. Siku moja utataka kuinua kipande na gundi haitakuruhusu. Misumari pia hapana, kila ukigonga unalegeza kiungio cha jirani.

Miguu: bomba la mraba la inchi 1, mafundi wa Katwe wanakuchomea, na chini yake nati na bolti ya M10 ili usawazishe kwa pimamaji. Kama bado unataka miguu ya mbao, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Mchwa wakipata njia moja tu, wanakula fremu kutoka ndani na nje huoni kitu.

---

WayaMbili_Tororo alijibu:

Fundi amemaliza ya mbao. Mimi nachukua ya umeme na ya kuanguka.

Kupunguza mwendo upande wa mbali: umeme wako unapita kwenye viungio vya reli tu. Kila kiungio kina upinzani kidogo, kikishika kutu na vumbi kinaongezeka. Weka mita kwenye reli pale nyaya zinapoingia, treni ikitembea, kisha upande wa mbali. Ukiona tofauti inazidi nusu volti, jibu umelipata.

Dawa yake ni waya mkuu. Pitisha chini ya ubao, kufuata njia yote, nyaya mbili za nyumba za mm² 1.5, nyekundu na nyeusi. Kutoka hapo, kila kipande cha reli kipate waya tawi wake wa mm² 0.5. Nasema kila kipande, hata kile kifupi cha sm 10. Nyaya tawi zisizidi sm 20. Reli ya ndani nyekundu, ya nje nyeusi, usibadilishe rangi hata mara moja.

Kulehemu reli kunawashinda wengi, kwa hiyo nitaenda taratibu. Chuma cha wati 40 hadi 60. Kile kidogo cha wati 25 ndicho kinachoyeyusha mataruma (vile vipande vya plastiki vinavyolala chini ya reli), kwa sababu kinachelewa kupasha reli na joto linapata muda wa kusambaa. Kwangua ubavu wa nje wa reli kwa tupa ndogo mpaka ung'ae. Weka pamba yenye maji juu ya reli, sm 2 kila upande, ikae kunyonya joto. Paka rosini, ile dawa ya kusaidia risasi ishike. Tia risasi kidogo kwenye waya kwanza, na kidogo kwenye reli, ndipo uviunganishe: gusa, hesabu mpaka tatu, ondoa chuma, shika waya bila kutikisa mpaka risasi ibadilike kutoka kung'aa kwenda kufifia. Risasi ikikaa kama tone la mviringo haijashika. Irudie. Na usitumie ile asidi ya mafundi wa mabati. Inashika vizuri siku ya kwanza, baadaye inakula waya na reli mpaka kiungio kinageuka kijani.

Sasa pointi. Zako zina V ya plastiki, mahali ambapo gurudumu halipati umeme kabisa. Kichwa cha ekseli 4 hakitakiwi kuzima hapo, maana magurudumu mengine bado yako kwenye chuma. Kikizima, basi kuna mojawapo ya haya: magurudumu ni machafu, au ni ekseli mbili tu kati ya nne zinazochukua umeme, au ndimi za pointi (zile reli mbili zilizochongoka zinazosogea) hazigusi reli ya pembeni vizuri, na pointi nyingi zinategemea mguso huo kupitisha umeme mbele. Jaribu hivi: bana ulimi kwenye reli kwa kidole huku kichwa kiko juu. Kikitembea, ndimi ndizo. Zisafishe kwa spiriti, kisha lehemu waya tawi upande wa pili wa pointi ili usitegemee ndimi tena. Pointi za V ya chuma ni bora zaidi, ila zinahitaji swichi ndogo inayobadilisha umeme wa V kila ndimi zinaposogea. Bila hiyo utapata shoti.

Kuanguka: pima kwanza umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Uwe mm 14.4 hadi 14.5. Ukiwa 14.0 gurudumu linapanda kwenye reli ya ulinzi ya pointi. Magurudumu ya bei nafuu yanateleza kwenye ekseli yake. Yazungushe huku unavuta taratibu, tone la gundi ya papo hapo, basi. Uzito pia: behewa la mm 100 liwe na gramu 80 hadi 100. Nati za chuma zinafaa kuongeza uzito, zibandike chini kabisa, si darini.

Lakini shida yako kubwa ni kona ya seti. Inatoka mnyoofu kwenda mm 438 ghafla, na kiungio kiko palepale penye mabadiliko. Tumia reli za kupinda, na kona ianze polepole. Kwenye ubao wa m 1.22 unaweza kuweka nusukipenyo cha mm 540. Chora duara hilo, kisha mnyoofu usilifikie. Upite mm 7 nje yake. Kipande cha mpito kina urefu wa sm 30: sm 15 kwenye mnyoofu, sm 15 ndani ya kona. Chukua ufito mwembamba wa mbao, upigilie misumari pembeni kwenye mistari yote miwili, uuache ujipinde wenyewe katikati, uchore. Hiyo mm 7 inatokana na sm 30 mara yenyewe, gawanya kwa mara 24 ya nusukipenyo. Ukibadilisha kona, piga hesabu upya.

Reli za kona zilehemu pamoja zikiwa zimenyooka, ndipo uzipinde zote kwa mpigo mmoja. Kwenye mnyoofu, kila kiungio cha pili kiache nafasi ya mm 0.5 hadi 1. Chini ya mabati bila dari mchana ni jiko, na mbao nazo zinacheza na mvua. Reli isiyo na nafasi inajikunja pembeni.

---

Mafunjo_Jinja aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nimepima magurudumu: mabehewa manne kati ya sita yako kati ya 13.9 na 14.2. Na kuhusu umeme wa nyumbani, unakatika na kuyumba. Betri ya sola ya volti 12 inaweza kuendesha?

---

WayaMbili_Tororo alijibu:

Inaweza, tena vizuri. Betri ya 12 V 7 Ah ya kengele za usalama, na bodi ndogo ya kurekebisha kasi ya mota ya ampea 2 au 3. Ila sharti moja lisilo na mjadala: fyuzi ya ampea 2 kwenye chanya, sm 10 tu kutoka kwenye betri. Kirekebisha cha dukani kikipata shoti kinajizima. Betri haijizimi. Behewa likianguka na kuunganisha reli mbili, waya tawi unawaka mwekundu chini ya ubao wako mkavu.

---

Kipimo64 alijibu:

Kabla hujanunua hata behewa moja zaidi, amua kipimo. Naona wote mmepita hapa haraka.

HO ni 1:87. Reli ya mm 16.5 kwa 1:87 ni mm 1435, yaani upana wa SGR, ile reli mpya ya Mombasa–Nairobi. Njia unayoitaka wewe, ile iliyofika Kampala mwaka 1931 ikivuka Nile hapo Jinja, ni ya mm 1000. Ukiweka treni ya 1:87 juu ya reli zako, jicho la mtu aliyezoea treni yetu litakataa, hata kama hajui kwa nini: reli ni pana mno kwa behewa.

Njia safi ya 1:87 ni reli ya mm 12, Peco na Tillig wanatengeneza. Lakini utatupa ulichonacho, na treni za mm 12 zinazouzwa nyingi ni za milima ya Uswisi.

Mimi nakushauri ubaki na reli zako na ubadilishe kipimo kiwe 1:64. Mm 16.5 mara 64 ni mm 1056. Imezidi kwa mm 56 tu, haionekani. Kichwa chako kinabaki na mota na magurudumu yake. Unajenga gamba jipya juu. Na kuna faida ambayo watu hawaioni: magari mengi ya chuma ya kuchezea yanayouzwa Kikuubo, pale sokoni Kampala, yako karibu na 1:64. Baadhi si kipimo kamili, kwa hiyo nenda na rula. Ukipata basi dogo linalofanana na HiAce, lipake nyeupe na mkanda wa miraba ya bluu, una taksi ya Kampala mbele ya kituo.

Mataruma pia yanakubali. Taruma la HO lina urefu wa kama mm 30, ambayo kwa 1:64 ni m 1.92, ndiyo saizi ya njia ya mita moja. Kosa liko kwenye nafasi: yamekaa karibu mno. Geuza reli, kata vile viunganishi vya plastiki chini kwa kisu, sogeza mataruma mpaka kutoka katikati hadi katikati iwe mm 10 au 11. Tumia kigezo cha kadibodi chenye meno, usikadirie kwa macho. Taruma moja kila la tano liache limefungwa na jirani yake ili reli isipoteze upana wake. Kwenye pointi usiguse kitu.

Behewa la kuanzia ni la makontena, kwa sababu ni sakafu tupu. Kontena la futi 20 kwa 1:64 ni mm 94.7 urefu, 38.1 upana, 40.5 kimo, la futi 40 ni mm 190.5. Kwa kona ya 540 la futi 40 litapita, lakini linakata ndani, kwa hiyo njia mbili zinazokwenda sambamba kwenye kona ziwe mm 65 kutoka katikati hadi katikati. Amua pia unaiga miaka ipi. Ukisema kabla ya 1977 ni rangi ya damu ya mzee ya East African Railways na Garratt za daraja la 60, zile injini ndefu za mvuke zenye mpangilio wa magurudumu 4-8-2+2-8-4. Garratt usianze nayo. Dizeli na makontena kwanza.

Na nakushauri usirudishe mviringo kwenye 8x4. Kata ubao vipande vitatu vya sm 40, unapata rafu ya zaidi ya m 7 ukutani. Kituo cha Uganda ni kirefu na chembamba. Kwenye mviringo treni inafukuza mkia wake.

---

Fundi_Ndeeba alijibu:

Kwenye kipimo nakubali. Kwenye kukata sikubali kabisa. Mtu anayejifunza anahitaji treni izunguke nusu saa bila kusimama. Hapo ndipo anajua kiungio kipi kibovu. Kwenye rafu treni inafika ukutani kabla kosa halijajionyesha. Weka kadibodi nene ya kimo cha sm 25 katikati ya ubao kwa urefu: upande mmoja kituo, upande wa pili bwawa. Huwezi kuona mviringo wote kwa mara moja.

---

NyasiNaMabati_Mbale alijibu:

Mandhari sasa. Kaka, vitu vyako viko nje ya mlango.

Marramu. Chota sehemu kavu, ikaange juu ya bati kwenye sigiri nusu saa ili mayai ya wadudu yafe, ichekeche kwa chujio la chai. Halafu hatua ambayo huruhusiwi kuiruka: pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, mara tatu. Marramu ina chuma, na chembe zake zikifika kwenye mota ya kichwa zinashika kwenye sumaku yake na kuisaga. Ukiimwagia gundi inakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo changanya poda ya mtoto, sehemu moja kwa tano, na ujaribu kwenye kipande cha boksi kabla ya kumwaga mezani.

Kokoto. Usitumie mchanga wa ziwani. Ni wa mviringo na unameta. Chukua vumbi la machimbo ya mawe, lipite kwenye chekeche la mm 1 na libaki kwenye la mm 0.5. Mwaga kwa kijiko, sawazisha kwa brashi laini, hakikisha hakuna punje iliyopanda juu ya taruma. Nyunyizia spiriti mpaka iwe imelowa, kisha kwa bomba la sindano tia gundi nyeupe sehemu 1, maji 3, na matone mawili ya sabuni ya maji. Bila spiriti gundi inabaki juu kama matone na kuchimba mashimo.

Mabati. Msaada wa bolti: uzi wa M8 una hatua ya mm 1.25, kwa 1:64 ni mm 80, karibu kabisa na wimbi la bati la kweli. Laza bati jembamba la sahani za chakula, zile za kutupa, juu ya mpira wa tairi la ndani. Viringisha fimbo ya M8 juu yake ukikandamiza. Mistari italala kidogo, kama nyuzi 3, kwa hiyo ukate kwa kufuata mistari, si ukingo. Kila bati mm 47 kwa 12. Kutu weka kwenye maungio na misumari, usipake paa lote.

Matoke. Hapa ndipo nataka ukae. Mgomba wa m 4 ni mm 62. Shina ni kijiti cha mm 3 kilichozungushiwa byayi, maganda makavu ya mgomba wenyewe, yaliyochanwa membamba. Rangi yake tayari ni sahihi, usiipake. Jani ni karatasi ya kawaida iliyopakwa kijani pande zote mbili, mm 31 kwa 8, na waya wa mm 0.3 uliobandikwa katikati. Likunje kidogo kwenye waya, kisha chana kingo kwa mkasi, mikato isiyo sawa, mshazari kuelekea ncha. Jani zima lisilochanwa linaonekana la plastiki. Majani 7 hadi 9 kila mgomba, mapya yamesimama, ya zamani yanaanguka, na mawili ya chini yawe ya kahawia yamening'inia kando ya shina. Panda kwa mashina: mama, binti, mjukuu, kimo tofauti, na mm 47 hadi shina la pili. Ukipanga mistari iliyonyooka na kimo kimoja umepanda mahindi.

Mafunjo. Vijiti vya ufagio, mm 60. Kichwa ni nyuzi za katani zilizotiwa kijani, vipande vya mm 5: chovya ncha ya kijiti kwenye gundi, gusa fungu la nyuzi, puliza ili zifunguke. Kwa eneo la sm 10 kwa 15 andaa 200. Yasimame mnene ukingoni, yapungue kuelekea maji. Maji yapake kahawia nyeusi, kamwe si bluu, halafu vanishi tabaka jembamba moja kwa siku, matano au sita. Ukimwaga nene mara moja inapasuka na kubaki laini chini.

---

Mafunjo_Jinja aliandika:

Dada, umenipa kazi ya miezi. Swali moja: kokoto kwenye pointi nafanyaje? Naogopa gundi itafunga ndimi.

---

NyasiNaMabati_Mbale alijibu:

Itafunga kweli ukimwaga kama kwingine. Chini ya ndimi usiweke kokoto kabisa. Paka ubao rangi ya kokoto tu. Kwingine kwenye pointi weka chache, gundi kwa ncha ya kijiti tone kwa tone, spiriti usinyunyizie. Kabla ya hapo pitisha tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye bawaba za ndimi, gundi isishike. Kisha sogeza ndimi huku na huku kila dakika kumi kwa saa ya kwanza. Msimu wa mvua gundi inachukua siku mbili kukauka, usijaribu treni kabla. Na ukisikia ulimi unakwama, maji ya uvuguvugu na brashi ya meno, gundi nyeupe inalegea. Usilazimishe, ulimi ukipinda pointi imekwisha.